Ngome za wahusika wetu: wapeni wachezaji ardhi mapema, na ardhi iwe na watu

#1 Mshomvi wa Dunda (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Uzi huu ni wa wanaocheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, D&D (Dungeons and Dragons) na jamaa zake, na zaidi ni wa waendeshaji, yaani wanaosimulia kisa na kuamua kanuni mezani. Nina hoja moja: msisubiri wahusika wawe vigogo ndipo wajenge ngome. Wapeni ardhi mapema, wakiwa bado wanakopeshana mishale, na ardhi hiyo iwe na watu juu yake. Sisi hapa Bagamoyo tunacheza Jumamosi baada ya Alasiri, na hakuna kilichowahi kuwashika wachezaji wangu kama kipindi cha ujenzi. Watu walikuwa wanatumiana michoro ya lango katikati ya wiki, kwenye simu, wakati wa kazi.

Nianze na kanuni zenyewe maana wengine mmeingia juzi. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa D&D mwaka 1974, ujenzi wa ngome ulikuwamo tayari. Katika kanuni za 1978, mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 ya uzoefu akajenga na kuondoa mazimwi katika nchi ya maili 20 hadi 50 kuizunguka ngome yake, askari wanamfuata wenyewe, na kila mkaaji wa nchi hiyo anamwingizia sarafu 7 za fedha kwa mwezi. Yaani mchezo ulikuwa na enzi mbili. Kwanza unaingia mashimoni kutafuta mali, halafu unakuwa mtu wa kutafutwa. Enzi ya pili ikafifia polepole. Kitabu cha mwendeshaji cha 2014 kilibakiza jedwali la bei na maelezo mafupi: ngome ndogo sarafu 50,000 za dhahabu na siku 400, kasri kubwa 500,000 na siku 1,200. Toleo la 2024 ndilo limeurudisha ujenzi mezani kwa uzito. Mhusika akifika ngazi ya 5 anapata ngome, na kila baada ya siku 7 za ndani ya mchezo anaweza kuipa amri: itengeneze kitu, ivune, ifanye biashara, iajiri, itafiti.

Ngazi ya 5 ni afadhali kuliko ya 9. Mimi nashuka zaidi, naanza ya 3, na sababu ni hii. Mhusika asiye na kwao hana cha kupoteza ila roho yake, kwa hiyo mwendeshaji akitaka kumtia hofu lazima kila mara amletee zimwi kubwa kuliko la jana. Mwenye kwao unamtia hofu kwa habari tu. Kisima kimeingia chumvi. Msimamizi uliyemwachia funguo ameonekana usiku akizungumza na watu wa sultani. Msafara uliokuwa ulale kwako umepita njia ya pili. Hakuna dadu iliyorushwa, na meza nzima imeshaanza kupanga.

Sasa kuhusu mahali. Ngome nyingi ninazoziona mezani zimewekwa juu ya kilima cha peke yake katikati ya pori, kwa kufuata picha za Ulaya. Sisi tumelala juu ya mfano mwingine kabisa. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Wapagazi walishuka na pembe za ndovu, wakapiga kambi, wakasubiri mizigo ya kurudi nayo bara. Nguvu ya mji huu haikuwa ukuta. Ilikuwa maji, chakula, ufuko wa kushushia mizigo, na makubaliano na majirani. Washomvi, wenyeji wa pwani hii, walikuwa wakitoa ushuru kwa Pazi, kiongozi wa Wazaramo, kwa sababu Wazaramo waliwahi kuwasaidia vitani. Litazameni hilo kwa jicho la mwendeshaji: aliyekuokoa anarudi kudai haki yake, na atakuja mwanawe, na mjukuu wake, na kila anayekuja ana tafsiri yake ya mkataba. Hapo una visa vya mwaka mzima bila kumwita joka.

Na hongo. Misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi aliyeshika kipande cha njia. Mirambo alianza na utemi mdogo, akakusanya rugaruga, wapiganaji wake, akajijengea makao yenye boma magharibi ya Tabora, na tangu 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora mpaka njia ya Ujiji ikakwama. Alipofariki mwaka 1884 jina lake lilikuwa linajulikana hadi Ulaya. Mkinitaka nieleze mhusika wa ngazi ya 9 anafananaje, nitamtaja yeye kabla ya lodi yeyote wa kitabuni. Hakungoja mtu ampe jedwali la bei. Alishika mahali ambapo wengine walilazimika kupita.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hasa mnaopinga.

#2 Kijana wa Chumbageni

Mkuu, uzi umeshiba lakini nakupinga. Nipo Tanga, tumejaribu. Mchezo uligeuka ofisi ya uhasibu. Wawili wanabishana unene wa ukuta, wa tatu anayecheza mchawi anachezea simu kwa sababu yeye haja yake ni vitabu, na mwendeshaji anatafuta bei ya misumari.

Na hesabu hailipi. Chukua bei za kanuni za 1981: jengo kuu la mawe, kimo futi 80, ni sarafu 75,000 za dhahabu. Rudi kwenye kodi yako ya 1978. Wakaaji 300 mara 7 ni sarafu 2,100 za fedha kwa mwezi, na katika kanuni zile 20 za fedha ni 1 ya dhahabu. Unapata 105 kwa mwezi, 1,260 kwa mwaka. Karibu miaka 60 kurudisha pesa ya jengo moja, na hapo hujamlipa askari hata mmoja. Najua nimechanganya matoleo mawili, lakini mchezaji akishaiona hesabu ya namna hiyo anauliza kwa nini asinunue upanga.

#3 Mshomvi wa Dunda

Kijana, hesabu yako naikubali yote na ndiyo inayonipa nguvu. Ngome inayokula kuliko inavyoingiza inamtoa mwenyewe nje. Anatafuta dhahabu tena, ila safari hii anajua inakwenda wapi, na akichelewa kurudi kuna watu hawajala.

Uhasibu mimi nimeuondoa. Kwangu ngome ndogo inajilisha, nukta. Hatuhesabu misumari wala magunia. Kila kikao kinapoanza, kila mchezaji anajibu swali moja: nani amekuja kwenu, na anataka nini? Mchezaji mwenyewe ndiye anayemtunga huyo mgeni, mimi kazi yangu ni kumpa mgeni sababu ya kutosema ukweli wote. Dakika kumi, kumi na tano, halafu tunaendelea. Mchawi wako wa Tanga asingeshika simu hapo, kwa sababu kwake atakuja mwanafunzi aliyefukuzwa na mwalimu mwingine, au mtu wa pwani anayeuza kitabu ambacho hakipaswi kuuzwa.

#4 BintiMagomeni

Mimi ni mchezaji, siendeshi, na naunga mkono kwa nguvu zote. Mhusika wangu ni kasisi. Mwendeshaji wetu alifuata ile kanuni ya zamani kwamba kasisi anayependwa na mungu wake anajenga kwa nusu ya gharama, kwa hiyo nilianza kabla ya wenzangu. Nikachagua mahali penye kisima, nikafurahi. Kumbe kisima kina wenyewe: ukoo wa wachunga mbuzi wanaopita hapo kila kiangazi.

Kaka Mshomvi, yule mzee wa ule ukoo ndiye adui bora niliyewahi kukutana naye katika mchezo wowote. Hakunirushia hata jiwe. Alikuja, akaketi nje, akakataa kahawa yangu. Alirudi kesho yake na mbuzi wote. Nilikuwa na uwezo wa kuita moto kutoka mbinguni na haukunisaidia kitu, maana ningeuita, nani angekuja kusali kwangu? Tukafunga makubaliano ambayo mpaka leo nayalipa kwa kuponya mifugo yao.

La pili: si kila mtu anataka kuta. Rafiki yangu anayecheza mwizi amejenga chumba nyuma ya duka la viungo kwenye uchochoro, na jahazi moja lenye jina la mtu mwingine. Hiyo ndiyo ngome yake. Waendeshaji wasiwalazimishe wote wawe na minara.

#5 Fundi Chokaa

Nimefanya kazi ya kukarabati nyumba kongwe hapa Bagamoyo, ngoja nichangie upande wa vifaa, kwa sababu naona watu wanajenga ngome za pwani kwa mawe ya milimani na mbao za misonobari.

Jiwe la pwani ni tumbawe. Kuna lile la nchi kavu unalolichimba, gumu, la kuta. Na kuna lile linalotolewa baharini likiwa hai, ambalo ukilichonga mapema, bado bichi, linakubali nakshi nzuri sana, halafu likikauka linashika. Mihrabu na nakshi za milangoni zilitoka humo. Kwa mchezo wenu maana yake nini? Mchezaji akitaka hekalu lenye nakshi anahitaji wazamiaji, na huko chini ya maji mwendeshaji anajua la kufanya.

Chokaa inatokana na matumbawe hayo hayo. Unapanga magogo duara, unarundika mawe juu, unachoma, unapata unga mweupe, unauzima kwa maji na kuuacha ukomae. Tanuri la chokaa linaonekana kutoka mbali sana, moshi mchana na moto usiku. Mtu anayejenga ngome kwa siri pwani hii hawezi.

Halafu boriti. Dari la nyumba ya mawe linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kuchezea, kwa hiyo vyumba vya zamani upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Virefu, vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine. Wachezaji wakipigana ndani ya nyumba ya namna hii hawawezi kusimama watatu sambamba na kuzungusha panga. Chora ramani hivyo na utaona vita vinabadilika: anayeshika mlango wa kati ameshika nyumba. Ukumbi mpana wa karamu wenye nguzo kumi na mbili, kama wanautaka, waulize wamepata wapi miti.

Na msisahau baraza. Mgeni anapokelewa barazani. Kumvusha ndani ni uamuzi.

#6 Nahodha wa Kaole

Fundi umenena. Mimi naongeza kalenda, kwa sababu kanuni za ujenzi zinataja siku na watu wanazisoma harakaharaka.

Kanuni hizo za 1981 zinasema siku 1 kwa kila sarafu 500 za gharama. Tufanye ngome ya kawaida: jengo kuu 75,000, kuta nne za futi 100 kila mmoja kwa 5,000, na jengo la lango 6,500. Jumla 101,500, sawa na siku 203. Ukianza mwanzoni mwa Juni, masika yamekwisha na kusi inavuma, unamaliza Desemba kaskazi inapoingia. Na kaskazi ndiyo inayoleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba. Yaani ngome yako inakamilika wakati hasa wageni wanapofika, wenye mali na wenye nia mbaya pia. Ukichelewa mwezi mmoja, majahazi yanakukuta lango halina mlango. Ukianza Machi, masika yanakukuta na chokaa uwanjani.

Mimi mezani kwangu nimebandika kalenda ya pepo ukutani. Mchezaji akisema "tunapumzika wiki mbili", namwonyesha.

Jambo jingine ni Kaole yenyewe, hapo kilomita chache kusini ya mji. Msikiti wake wa zamani ni wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo yapo, mji ulikuwa na watu na biashara. Mikoko ikajaa mbele ya bandari, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Hakuna jeshi katika habari hiyo. Sijaona jedwali la matukio ya ngome lenye kitu kama hicho, bahari kukukimbia taratibu kwa miaka mingi, na mimi ningeliweka mbele ya mashambulizi yote. Mchezaji anaambiwa kina kimepungua. Anafanya nini? Anachimba? Anahama? Anamtafuta jini wa mikoko na kumwuliza amekosewa nini?

#7 BintiMagomeni

Narudi na jambo ambalo hamjaligusa, na katika mji huu haliwezi kurukwa. Nani anabeba hayo mawe?

Kanuni zinatoa bei na siku, vibarua hawana sura. Lakini tukisema tunachukua pwani ya misafara kama mfano, misafara ile ilileta pembe na ilileta watu waliofungwa. Mchezaji akisema "nanunua watu wa kujenga", mwendeshaji afanye nini? Mimi naamini lijadiliwe kabla mchezo haujaanza, kila mtu mezani aseme anachoweza kukibeba na asichoweza, na likikubaliwa kuwamo, lisiwe bei kwenye jedwali. Wawe watu wenye majina.

Na hapo hapo kuna ngome bora kuliko zote kwa wahusika wema. Wamisionari Wakatoliki walipoweka kituo Bagamoyo mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Na kabla ya wamisionari na baada yao, watoro wenyewe walijenga vijiji vyao vyenye maboma huku pwani, wakalima, wakajilinda kwa silaha. Fikirieni kampeni ambayo wahusika hawajengi ngome ya bwana, wanajenga boma la watoro. Kila mkaaji mpya anakuja na anayemtafuta. Kila mkaaji anajua kitu: huyu fundi chuma, yule aliwahi kuongoza msafara, huyu anajua njia za maji kati ya hapa na Tabora. Huhitaji kurusha dadu kupata wafuasi, wanafika wenyewe usiku, na kila mmoja anakupa nguvu na anakuongezea adui. Hii ndiyo kampeni ninayotaka kuicheza.

#8 Mshomvi wa Dunda

Dada, nimesimama kusoma hili. Tutalianza baada ya Idi, na wewe una kiti. Lile la kuzungumza kwanza kabla ya kuanza nalishikilia, waendeshaji wote walisome mara mbili.

#9 Mzee wa Dadu

Vijana, mmejenga vizuri, sasa tuzungumze kubomoka.

Kanuni za 2024 ni za upole sana hapa. Ngome ikishambuliwa mwenyewe akiwa hayupo, unarusha dadu 6 za pande sita, kila 1 inayotoka mlinzi mmoja amekufa. Walinzi wakiisha, sehemu moja ya ngome inafungwa kwa muda. Inasaidia mwanzo, watu wasiogope kuondoka nyumbani. Ila mchezo ukikomaa, ngome lazima iweze kupotea, na njia mbaya kabisa ya kuipoteza ni kuichoma. Ikishakuwa majivu, kisa kimekwisha.

Ngome ibadilishe mikono. Tazameni Ngome Kongwe yetu ya Bagamoyo. Ilijengwa karibu 1860 na mfanyabiashara Mwarabu, Abdallah Suleiman Marhabi, kama makazi. Wajerumani wakaifanya kambi ya askari. Waingereza wakaifanya gereza. Baadaye polisi wakakaa humo hadi 1974. Kuta zile zile. Kwa mchezaji, kurudi kwenye nyumba aliyoichora mwenyewe na kukuta chumba chake cha vitabu kimetiwa nondo kunauma kuliko moto. Na kunampa kazi: anajua kila mlango. Anajua pale fundi alipokosea boriti. Anajua kisima kina njia. Hakuna mtu duniani anayeweza kuivamia ngome hiyo kama yeye.

Sharti langu moja kwa waendeshaji: msiichukue kwa hila ya dadu moja. Mpe mchezaji ishara tatu kabla, zote za wazi kwa anayesikiliza. Msimamizi anabadilika. Askari wanachelewa kulipwa na mmoja anasema hivyo mbele yake. Jirani anaacha kuja barazani. Akizipuuza zote, ichukue bila huruma.

#10 Mgeni wa Nianjema

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye michezo hii, nimesoma uzi wote. Tupo wanne na ndiyo tunaanza mwezi ujao. Tuwe na ngome moja ya pamoja au kila mtu yake? Na mwendeshaji wetu naye ni mara yake ya kwanza.

#11 Mshomvi wa Dunda

Karibu sana. Moja ya pamoja, kwa sasa. Ngome nne ni vijiji vinne vya kukumbuka na mwendeshaji mgeni atazama. Lakini ndani ya hiyo moja kila mmoja awe na sehemu ambayo neno lake ndilo la mwisho: mmoja lango, mmoja ghala, mmoja kisima na wagonjwa, mmoja vitabu au jahazi. Wakipishana, wapishane kwa sauti za wahusika wao, na mwendeshaji asiamue.

Msianze kwa kujenga. Anzeni kwa kupewa kitu kibovu: nyumba ya mawe yenye dari lililoanguka nusu, baraza zima, kisima kinachohitaji kusafishwa, na familia mbili ambazo zimekuwa zikiishi humo tangu mwenyewe aondoke. Msiwafukuze. Waulizeni majina, yaandikeni kwenye karatasi moja inayokaa katikati ya meza. Mwendeshaji achore kilomita chache tu kuzunguka: njia inapita wapi, maji yapo wapi, nani anadai ushuru. Mambo ya sultani na majoka yatangoja.

Kikao cha kwanza tengenezeni dari. Boriti zinatoka mikokoni, na mikoko ina wenyewe. Mkikwama andika hapa hapa, Fundi na Nahodha wapo.

#12 Fundi Chokaa

Nipo. Mkate boriti za kutosha na za akiba, na mzibebe kabla maji hayajajaa.